Je, siku moja inatosha kuvitembelea visiwa vya Matsushima?

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kwa Matsushima, ghuba yenye visiwa huko Japani, ukitokea jiji la Sendai. Inatosha, mradi uondoke asubuhi. Panda treni ya njia ya Senseki na ushuke Matsushima-Kaigan, safari ya takriban dakika 40. Usiichanganye na stesheni iitwayo Matsushima tu, ambayo iko kwenye njia nyingine na mbali zaidi na gati.

Ghuba hiyo ina visiwa vipatavyo 260, vingi vikiwa miamba midogo myeupe iliyoliwa na mawimbi huku misonobari ikiwa imeng'ang'ania juu yake, na ndiyo maana Wajapani wanaihesabu miongoni mwa mandhari 3 bora za nchi yao. Mashua ya watalii huzunguka kwa muda wa dakika 50 hivi, lakini kwa maoni yangu ukiwa majini unaviona visiwa kimoja kimoja tu. Anayetaka kuuona mpangilio wao wote apande kilima cha Otakamori, ijapokuwa kufika huko kunakula nusu siku. Ukikosa muda, vuka kwa miguu daraja jekundu lenye urefu wa mita 252 uingie kisiwa cha Fukuurajima, kisha upite hekalu la Zuiganji, lililojengwa upya na mtawala Date Masamune na kukamilika mwaka 1609.

Ukienda majira ya baridi, chaza wa kuchoma wako kwenye msimu wao, nawe usiondoke bila kuwaonja.