Maswali ya Wasomaji: Umelipia, Lakini Je, Ni Yako?

Nilimchorea mteja nembo. Alinilipa yote, ila hatukuandikiana kitu. Sasa naiona kwenye fulana anazouza. Nembo ni ya nani?
*Mchoraji wa kujitegemea*

Kwa kanuni ya kawaida ya sheria, yako. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, makubaliano ya kimataifa kuhusu kazi za ubunifu, hakimiliki haisubiri usajili. Inaanza kwa aliyeumba kazi. Malipo yamempa mteja ruhusa ya kutumia, na hayahamishi umiliki. Marekani na Uingereza, kwa mfano, zinadai uhamisho uwe wa maandishi, wenye saini ya anayetoa haki.

Ila usikimbilie mahakamani. Mwaka 2005, katika kesi ya Griggs dhidi ya Evans, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimshughulikia mchoraji, Evans, aliyeunganisha nembo mbili za viatu vya Dr. Martens kuwa moja, bila maandishi yoyote kuhusu hakimiliki. Baadaye aliiuza hakimiliki hiyo kwa kampuni shindani. Mahakama ilisema mwenye kustahili ni mteja, Griggs, kwa kuwa nembo ya biashara haina maana kama mshindani naye anaweza kuitumia. Nembo ndiyo kazi ngumu zaidi kwa mchoraji kuing'ang'ania. Picha za tangazo la msimu mmoja au michoro ya kitabu zingekuwa na hoja nzito zaidi.

Tunachoshauri ni hati ya ukurasa mmoja, hata sasa. Itaje majina ya pande mbili, kazi yenyewe (ambatanisha picha yake, usiandike tu "nembo"), haki zinazohama, nchi, muda na kiasi kilicholipwa. Kwa kazi zijazo weka sentensi hii: "Hakimiliki inahamia kwa mteja siku malipo ya mwisho yanapopokelewa." Bila hiyo, mteja asiyelipa anaweza kuwa tayari ameshika umiliki, nawe umebaki na deni la kudai.

Wachoraji husahau mambo mawili. Michoro iliyokataliwa iandikiwe kwamba inabaki kwako, maana "kazi zote zilizotokana na mradi huu" inaibeba nayo. Na fonti au picha uliyopata kwa leseni ya mtu mwingine huwezi kuihamisha. Itaje, mteja achukue leseni yake.

Nimeajiriwa kuandika programu za kuhesabu mali za maghala. Usiku, nyumbani, nimetengeneza mchezo wa simu. Mkataba wangu unasema "kila kitakachobuniwa na mwajiriwa katika kipindi cha ajira ni mali ya mwajiri." Mchezo ni wangu?
*Mwandishi wa programu*

Kifungu hicho kisingekuwepo, tungekujibu ndiyo bila kusita. Sheria za nchi nyingi humpa mwajiri kile kilichotengenezwa katika kutekeleza majukumu ya kazi, na michezo si jukumu lako. Saa na kompyuta uliyotumia ni ushahidi tu.

Tatizo ni "katika kipindi cha ajira". Kipindi hicho hakiishi saa za ofisi zikiisha. Kinaanzia siku uliyoajiriwa hadi utakapoondoka, usiku na Jumapili zikiwemo. Baadhi ya sheria hukipunguza makali: California, kwa mfano, mwajiri hawezi kudai uvumbuzi uliofanywa kwa muda wako mwenyewe bila vifaa wala siri zake, isipokuwa unahusu biashara yake au umetokana na kazi uliyomfanyia. Penye kinga kama hiyo una pa kusimama. Pasipo nayo, kifungu kinaweza kusomwa kama kilivyo.

Omba barua ya mwajiri inayoutaja mchezo kwa jina na kusema hana dai juu yake. Iombe kabla hujautoa sokoni, kwa sababu mchezo ukianza kuingiza fedha bei ya saini hiyo hupanda. Usitumie kompyuta ya kazini, akaunti ya kazini wala mahali kampuni inapohifadhi msimbo (maandishi ya programu) wake. Ukinakili hata kipande kimoja cha msimbo wa mwajiri kwa kuwa ulikiandika wewe, umeweka mali yake ndani ya mchezo wako, na barua haitakusaidia kwa kipande hicho. Ukibadili kazi, orodhesha miradi yako ya awali kwenye kiambatisho kabla ya kusaini.

Mkandarasi aliyetuandikia programu alisaini kwamba "atakabidhi haki zote kwa kampuni". Mwekezaji anasema haitoshi. Anatusumbua tu?
*Mwanzilishi wa kampuni changa*

Hapana, ana haki. "Atakabidhi" ni ahadi. Umiliki bado haujahama. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford alisaini kwamba anakubali kukabidhi uvumbuzi wake. Kisha akaenda kujifunza mbinu kwenye kampuni ya Cetus, akasaini fomu yake iliyosema kwamba anakabidhi papo hapo. Hataza, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi, zilizobishaniwa zilihusu kupima wingi wa virusi vya UKIMWI kwenye damu. Fomu ya pili ilishinda ya kwanza, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja ya Stanford kwamba sheria ya utafiti unaofadhiliwa na serikali iliwapa umiliki moja kwa moja. Roche, iliyokuwa imechukua biashara hiyo ya Cetus, ikabaki na haki ndani ya hataza hizo.

Msaini hati mpya na mkandarasi: "Ninakabidhi kwa kampuni, kwa hati hii, haki zote katika…", ikifuatiwa na orodha ya programu na matoleo yake. Ongezeni ahadi ya kusaini nyaraka za usajili zitakapohitajika. Muulizeni pia kama alimpa mtu mwingine sehemu ya kazi. Saini yake haihamishi haki za msaidizi wake, hivyo naye asaini. Zana alizokuja nazo tayari zisihamishwe. Chukueni leseni ya kudumu ya kuzitumia na kuzirekebisha.

Tumevumbua kifaa wawili, hataza ina majina yetu sote. Naweza kumpa mtu leseni bila mwenzangu?
*Fundi mitambo*

Inategemea nchi. Marekani unaweza, tena bila kumgawia mapato, kama hamkukubaliana vinginevyo. Uingereza unaweza kutumia hataza mwenyewe, lakini leseni inataka ridhaa yake. Andikianeni nani anatoa leseni, mapato yanagawanywaje, nani analipa ada za kuihuisha hataza, nani anashtaki anayeiga, na mmoja akitaka kuuza sehemu yake, mwingine apewe siku ngapi za kuinunua kwanza.