Maswali yenu kuhusu matembezi ya miguu mashambani na pwani ya Uingereza

SWALI: Ramani ya kwenye simu ilinipitisha katikati ya shamba la ngano, kisha ikanitokezea uani kwa mkulima. Hakusema neno, ila alinikodolea macho mpaka nikatoweka. Nilikuwa na haki ya kupita pale? (Msomaji, Reading)

JIBU: Kama ile ni njia ya umma, ulikuwa na haki hata kama inapita mbele ya mlango wake wa jikoni. England na Wales zina njia za namna hiyo zipatazo kilomita 225,000, na sehemu kubwa zinakatiza mali za watu. Haki yenyewe ni ya kupita: tembea, simama uvute pumzi, piga picha, kula mkate wako kando, endelea. Kuzurura shambani nje ya njia hakumo.

Angalia mishale kwenye nguzo na malango. Wa manjano ni wa waenda kwa miguu peke yao. Wa buluu ni wa miguu, farasi na baiskeli. Ukiwa na karatasi, chukua ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, za mfululizo wa Explorer, zenye jalada la rangi ya chungwa na skeli ya 1:25,000, yaani sentimita 4 kwa kila kilomita. Humo njia za umma ni vistari vya kijani. Hapa ndipo wengi wanapokosea: vistari vyeusi vinaonyesha tu kwamba pana njia ardhini, havisemi kwamba una ruhusa ya kuipita. Programu nyingine za simu hazitenganishi mambo hayo mawili, na huenda ndiyo sababu ya yale macho.

Kuhusu ngano: mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia ya miguu inayokata katikati ya shamba, lakini baada ya kulima kwa ajili ya kupanda ana siku 14 za kuirudisha, na mazao yasiizibe, iachwe angalau upana wa mita 1. Asipofanya hivyo, pita ndani ya mazao ukifuata mstari wa njia, mmoja nyuma ya mwingine, kisha iarifu halmashauri ya eneo hilo. Lango liache ulivyolikuta. Lililo wazi pengine limeachwa makusudi ili mifugo ifike kwenye maji. (Scotland ina sheria yake, usiende nayo hii huko.)

SWALI: Mama yetu anakuja Julai kutoka Tanga. Ana miaka 64, anatembea vizuri ila si mtu wa mbio. Tunataka kumpeleka Seven Sisters, ile safu ya vilima saba vyenye majabali meupe kwenye pwani ya kusini, kwa siku moja, bila gari. Tupange vipi? (Mabinti wawili, Croydon)

JIBU: Dada zetu, msimpitishe njia nzima. Kutoka Seaford hadi Eastbourne juu ya majabali ni kilomita 22 hivi za kupanda na kushuka. Kanuni ya Naismith, iliyotolewa mwaka 1892 na mpaka leo inatumika, inahesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa mtu mkakamavu asiyesimama. Kwa mama aliyekuja kutazama, kadirieni kilomita 3 kwa saa, na hapo kilomita 22 ni zaidi ya saa 7 bila hata kuketi.

Kipande kitamu ni Exceat hadi Birling Gap, kilomita 7 hivi. Pandeni treni East Croydon hadi Lewes, mbadilishe kwenda Seaford, kisha basi namba 12 la kuelekea Eastbourne, mshuke Exceat. Choo ni hapo, kwa hiyo kitumieni. Kingine ni Birling Gap. Fuateni bonde la mto Cuckmere kwenda baharini, njia tambarare ya kama kilomita 2, kisha mpande Haven Brow. Hicho ndicho kilima kirefu kuliko vyote saba, mita 77, na mama atakipanda miguu ikiwa bado na nguvu. Vinavyofuata ni vifupi zaidi, ila vinafuatana, na kushuka kwenye nyasi zenye maji kunachosha magoti kuliko kupanda. Birling Gap kuna mkahawa. Kutoka hapo mnaingia bara hadi East Dean, chini ya kilomita 2, mnadaka tena basi namba 12.

Ile picha maarufu, yenye vibanda mbele na majabali nyuma, hupigwa upande wa Seaford, ng'ambo ya mto. Mdomoni mwa mto hakuna daraja. La karibu ni la Exceat. Msijaribu kuvuka kwa kukunja suruali, mkondo ni mkali. Na juu ya majabali kaeni mita 5 kutoka ukingoni. Majabali haya ni ya chaki, nayo humeguka kwa chini, nyasi za juu zikabaki zinaning'inia bila kitu, na aliyesimama juu yake kwa ajili ya picha hawezi kuliona hilo.

Mkienda Jumapili, angalieni ratiba ya treni usiku wa kuamkia: matengenezo ya reli hufanywa sana wikendi.

SWALI: Nimezaliwa Lamu, bahari naijua. Kwa nini kila mara nasikia watu wamezingirwa na maji chini ya majabali ya huku? (Msomaji, Brighton)

JIBU: Bamvua ya Lamu, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda mita 3 hivi. Newhaven, jirani na Seven Sisters, hufika mita 6, na mlango wa mto Severn hupita 12. Muda wa kujaa ni uleule, saa 6 na dakika kidogo, kwa hiyo maji lazima yaende kasi maradufu. Tena hayaendi sawasawa: saa ya tatu na ya nne peke yake hubeba karibu nusu ya maji yote. Kwenye mita 6, hizo ni mita 3 ndani ya saa 2. Mtu aliyeona yanajongea taratibu katika saa ya kwanza hudhani yataendelea hivyo.

Chini ya majabali kati ya Cuckmere na Birling Gap, hakuna pa kupandia mpaka ngazi za Birling Gap, ambazo nazo hufungwa mara nyingine. Ingia ufukoni maji yakiwa bado yanapwa, na uwe umegeuka kabla hayajaanza kujaa. Siku za bamvua ongeza tahadhari, hilo wewe huna haja ya kufundishwa. Usilolijua labda ni saa: jedwali nyingi za maji huandikwa kwa saa za GMT. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ongeza saa 1, isipokuwa jedwali lenyewe linasema limeshaongeza. Ukinaswa, piga 999 uwaombe Coastguard, waokoaji wa pwani.

SWALI: Viatu gani? (Msomaji, Coventry)

JIBU: Vyenye soli ya meno, vilivyokwisha kuzoea mguu, na soksi za sufu. Raba za mjini hazishiki tope. Jinzi iache nyumbani: ikilowa inakuwa nzito na haikauki. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo beba tochi.

SWALI: Ng'ombe wa huku hawana mchungaji wala kamba, na njia inapita katikati yao. Tufanyeje? (Msomaji, Leeds)

JIBU: Wengi ni wadadisi tu, ndama wakubwa watakuja mbio, watasimama, watakutazama. Wa kuogopwa ni mama mwenye ndama, hasa ukiwa na mbwa. Usipite kati yake na mtoto wake. Zunguka mbali hata kama unaiacha njia, tembea polepole, usikimbie. Wakikujia na una mbwa, mwachie: wanamtaka yeye, na atawashinda kwa mbio. Fahali wa nyama anaruhusiwa shambani penye njia ya umma akiwa pamoja na majike. Fahali wa aina ya ng'ombe wa maziwa aliyepita miezi 10 haruhusiwi.

SWALI: Nimekuta kupe nyuma ya goti baada ya matembezi. (Msomaji, Southampton)

JIBU: Mkamate kwa kibano cha ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, umvute juu polepole bila kumminya. Usimpake mafuta wala kumchoma. Huweza kutapika ndani ya kidonda. Osha kwa sabuni, andika tarehe. Kupe wengi hawana ugonjwa wa Lyme, ule wa bakteria ambao kupe huambukiza watu, lakini upele wake hutokea mara nyingi kati ya wiki 1 na 4, na huweza kuchelewa hadi miezi 3. Picha za vitabuni huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi huweza kuwa la kahawia au zambarau, na ni rahisi kulipita. Ukiona alama inayotanuka, au homa na uchovu usioeleweka, nenda kwa daktari, umwambie uliumwa na kupe, wapi na lini.