Waulize Wenye Kazi: Sanaa kwenye kuta za migahawa ya kahawa

Barua nyingi za Mtwara na Lindi mwezi huu zinazungumzia jambo moja: wachoraji na wachongaji wanaotaka kuonyesha kazi zao kwenye migahawa ya mtaani. Tumefurahi mno. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, mchongaji na mchoraji George Lilanga alizaliwa Masasi mwaka 1934, na wote wawili jina walilipatia Dar es Salaam. Mtu wa Ligula au wa Rahaleo, mitaa ya Mtwara, anastahili kuiona kazi ya kusini bila kupanda basi.

*Nina mgahawa mdogo wa kahawa Mikindani, kwenye nyumba ya zamani ya mawe. Mchoraji wa hapa ametundika picha 12 ukuta mmoja. Wiki tatu tu, misumari minne imeng'oka na picha mbili zimeota ukungu mgongoni. Ukuta mbovu au sisi ndio tumekosea?*
Mama wa mgahawa, Mikindani

Ukuta hauna kosa, mama. Nyumba za zamani za Mikindani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Plasta ya chokaa ni laini, kwa hiyo msumari wa zege ukigongwa huipasua, ukabaki umeshika vumbi. Tena ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Picha ikiubana, unyevu hukosa pa kwenda, ukatulia mgongoni mwa picha na ukungu ukaanza.

Achana na misumari 12. Weka ubao mmoja mrefu wa inchi 1 kwa 2, mbao ngumu, kwenye kimo cha mita 2.2 hivi, ukipita ukuta mzima. Ufunge kwa skrubu kila baada ya sentimita 60. Fundi atoboe kwa drili iliyozimwa mdundo, maana mdundo ndio unaobomoa plasta. Tundu la milimita 8 liingie sentimita 6 au 7 mpaka lifike kwenye jiwe lenyewe, ndipo aingize plagi ya plastiki. Unga ukitoka mweupe na mwepesi muda wote bila drili kukutana na kitu kigumu, bado mko kwenye chokaa. Sogeeni sentimita chache. Pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, kitumike kwenye ubao tu, na picha zote zitafuata.

Kabla ya kutundika chochote, ning'inizeni dumu la lita 5 lililojaa maji kila mahali picha itakapokaa, lilale hapo usiku mzima. Lita moja ya maji ni kilo moja, na picha ya hadibodi ya sentimita 60 kwa 60 pamoja na fremu yake haizidi kilo 2 au 3. Panapobeba dumu bila kulegea, picha iko salama.

Kutoka kwenye ubao, teremsha mishipi miwili kwa kila picha, si mmoja. Picha ya kamba moja hulala upande kila mlango ukijibamiza. Mshipi wa kuvulia unafaa kwa sababu haushiki kutu, lakini fundo lake huteleza na wenyewe hunyooka kwa uzito, hivyo ukunje mara mbili na umwombe mvuvi akufungie fundo. Waya wa kawaida wa chuma usiutumie huku pwani. Upepo wa chumvi huula kwa kutu mpaka ukatike.

Halafu chukua ndala iliyochakaa, kata vipande vyenye unene wa sentimita moja, gundisha viwili kwenye pembe za chini za kila fremu, upande wa nyuma. Picha itasimama mbali kidogo na ukuta na hewa itapita. Hiyo ndala ndiyo dawa ya ukungu wako, kuliko dawa yoyote ya dukani. Zile mbili zilizokwisha ota, zitoe zikae kivulini penye upepo siku mbili, kisha uzipanguse kwa brashi laini kavu ukiwa nje. Usizianike juani, rangi itapasuka. Picha za karatasi zilizo ndani ya kioo ziwe na paspatu, yaani fremu ya kadibodi inayotenganisha karatasi na kioo; bila hiyo karatasi hunata kwenye kioo wakati wa mvua, na ukiivuta rangi inabaki kiooni.

Picha 12 ukuta mmoja ni nyingi. Ukuta wa mita 6 unachukua picha 6 za sentimita 60, zikiachana sentimita 40. Na kumbuka mteja wako amekaa. Kwenye kumbi za maonyesho katikati ya picha huwekwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kwa mtu aliyesimama. Aliyekaa kitini macho yake yako kwenye 120 hivi, kwa hiyo shusha hadi 135. Ila juu ya benchi la ukutani, ukingo wa chini usishuke chini ya 140, la sivyo mafuta ya nywele yatachora alama kwenye fremu.

*Mwenye mgahawa anataka asilimia 40 ya kila picha itakayouzwa. Nimezoea kuuzia nyumbani. Nikubali? Na tuandikishane nini?*
Mchoraji, Ligula, Mtwara

Piga hesabu kwanza, kaka. Chukua picha ya shilingi 120,000. Hadibodi, rangi na fremu vimekula, tuseme, 45,000. Asilimia 40 ni 48,000. Unabaki na 27,000 kwa kazi ya siku tatu au nne. Kwa asilimia 20 mgahawa unapata 24,000 nawe unabaki na 51,000. Sisi tunashauri kati ya 15 na 25. Arobaini inaeleweka pale tu mwenye mgahawa anapolipia fremu, taa na shughuli ya ufunguzi.

Usiongeze bei ya mgahawani ili kufidia asilimia. Mteja akigundua kwako nyumbani ni nafuu, atakufuata nyumbani, na mwenye mgahawa atajiona ametapeliwa. Bei iwe moja kila mahali.

Andikeni karatasi moja, nakala mbili, zipigwe muhuri serikali ya mtaa. Ndani yake iwemo orodha ya kazi: jina, ukubwa, nyenzo na bei ya kila moja. Tarehe ya kuweka na ya kuondoa. Wiki 4 hadi 6 zinatosha, zaidi ya hapo wateja wa kila siku huacha kuziona. Nani analipa picha ikiibwa au ikimwagikiwa kahawa, na nani anaziba matundu ya ukuta. Siku ya malipo iandikwe, kwa mfano kila Jumatatu, kwa sababu ugomvi mwingi hauanzii kwenye asilimia, unaanzia kwenye fedha iliyolala kwenye droo ikanunuliwa sukari. Piga picha kila kazi mbele na nyuma siku unayoipeleka.

Jambo ambalo karibu kila msanii hulisahau ni mhudumu. Yeye ndiye anayeulizwa "hii bei gani?" wakati wewe hupo. Mketishe dakika 20, mweleze kila picha, na umwekee shilingi 3,000 kwa kila itakayouzwa. Vilevile bandika kadi ya sentimita 9 kwa 5 kando ya kila picha, yenye jina la kazi, jina lako, nyenzo, ukubwa, mwaka na bei. Bei iandikwe kwa tarakimu zinazosomeka umbali wa meza moja. Watu wetu wengi wanaona haya kuuliza bei. Isipoandikwa wanadhani ni ya wageni, wanakunywa kahawa yao na kuondoka. Weka na picha mbili za akiba kaunta, maana msafiri wa kesho asubuhi hatangoja onyesho liishe; ataondoka na aliyoinunua, na ya akiba itaziba nafasi yake ukutani.

Kuhusu vibali, anzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Atakuelekeza pia kuhusu usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kama unaweza kuchagua miezi, chagua Oktoba hadi Desemba: korosho ziko mnadani na fedha ipo mikononi mwa watu.

*Kijiwe chetu cha kahawa kiko barazani, hatuna ukuta wa ndani. Vijana wachoraji wanaomba nafasi. Inawezekana?*
Muuza kahawa, Lindi mjini

Inawezekana, kwa kazi ndogo za sentimita 20 kwa 30 kwenye hadibodi. Fungeni kamba mbili kati ya nguzo, moja juu na moja chini, picha ibanwe pande zote mbili. Ikibanwa juu tu, upepo wa bahari utaigeuza tanga. Jiko la mkaa liwe umbali wa mita 2 au zaidi, na upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na picha. Msizifunike kwa nailoni, zitatoa jasho. Zitoke saa 10 jioni, ziingie ndani mnapokusanya vikombe.

*Vinyago vyangu vya mpingo vimepasuka baada ya mwezi mmoja kwenye mgahawa wenye kiyoyozi. Mti ulikuwa mzuri. Kwa nini?*
Mchongaji, Newala

Mpingo hukauka polepole sana. Ulipouchonga, ndani ulikuwa bado na maji. Kiyoyozi kimekausha ngozi ya nje upesi, ikasinyaa, na kiini hakijasinyaa. Lazima nje ipasuke. Nyufa huanzia kwenye vichwa vya gogo, yaani juu ya kinyago na kwenye kitako. Paka nta ya nyuki sehemu hizo mara tu unapomaliza kuchonga, funga kinyago kwenye gazeti na gunia kivulini kwa miezi kadhaa, kisha ukipeleke. Kikifika, kikae mbali na feni, mgongo wa friji na mashine ya kahawa. Wahudumu wakipanguse kwa brashi kavu. Mafuta ya kula wasiyaguse, yananata na kukusanya vumbi.

Kinyago cha sentimita 40 kinaweza kufika kilo 3 au 4, hivyo rafu iwe ya ubao wa sentimita 2.5, kimo cha mita moja au zaidi, mbali na njia ya viwiko. Bandika vidonge vinne vya nta chini ya kitako, kisiteleze.

Na weka kitambaa cheupe chenye unyevu karibu na kadi ya bei. Mteja akisugua kinyago cha mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu, kitambaa kitakuwa cheusi. Akisugua chako, hakitabadilika. Mwache ajaribu mwenyewe.

*Mtu amepiga picha mchoro wangu mgahawani na sasa anauza fulana zake. Anasema mchoro aliununua.*
Msanii, Chikongola, Mtwara

Alinunua mchoro, hakununua haki ya kuuzalisha. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki hiyo hubaki kwako maisha yako yote na miaka 50 baada yake, isipokuwa umeihamisha kwa maandishi. Mwandikie barua ya kumtaka aache, ukibaki na nakala yenye saini yake ya kupokea. Akikaidi, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na barua hiyo, picha ya mchoro ukiwa mgahawani yenye tarehe, na fulana moja uliyoinunua kwake pamoja na risiti.