Kinga ya mwili inavyoweza kuisaidia saratani

Dada, umeuliza: kama seli za kinga kazi yake ni kuua saratani, mbona daktari wa mama kasema nyingine zinaisaidia ikue? Yote mawili ni kweli. Seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, zikiitambua seli ya saratani huiua. Tatizo hasa ni makrofaji, zile seli kubwa za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki. Hizo pia ndizo hushughulikia vidonda: huchochea mishipa mipya ya damu na seli kuota. Sasa uvimbe wa saratani hutoa ishara zilezile za kidonda, basi makrofaji huja kuuhudumia.

Kwa panya wenye saratani ya matiti, hadubini imeonyesha jambo la kushangaza. Seli ya saratani hutoa kemikali iitwayo CSF-1 inayoivuta makrofaji. Makrofaji nayo hutoa kemikali nyingine, EGF, inayoivuta seli ya saratani. Huvutana hivyo mpaka kwenye mshipa wa damu, makrofaji ikalegeza ukuta wake, seli ikapenya. Kwa panya wasio na CSF-1 uvimbe ulianza na kuota vilevile, ila kusambaa mapafuni kulipungua sana.

Kwa hiyo zile dawa za “kuongeza kinga” za mitandaoni, usimnunulie mama. Dawa za hospitali zinazozuia PD-1, protini iliyo kama breki kwenye seli T (Tasuku Honjo aliyeigundua alipata Nobel mwaka 2018, pamoja na James Allison) huziondolea seli T breki, na hata hizo si kila saratani inazisikia. Muulizeni daktari kama aina yake imo.