Usiache kabimazole eti kwa sababu unanyonyesha

Meza kwanza hicho kidonge, halafu urudi kusoma.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada yuko Bagamoyo, mtoto wake ana miezi miwili, amekutwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kauliza matatu kwa mpigo. Aache kabimazole, dawa ya kuituliza tezi hiyo, ili anyonyeshe? Atumie unga wa mwani badala yake? Ale nini? Nimeshuka mpaka chini kabisa nakuta watu wazima na akili zao wanamwambia "acha tu shoga, ziwa la mama kwanza". Nikasema leo sinyamazi.

Mdogo wangu, mimi ni wa Tanga, Ngamiani. Niliacha kabimazole ili nimnyonyeshe mwanangu, na kuacha huko ndiko kulikonikatia maziwa. Soma tena hiyo sentensi kabla hujaendelea.

Ugonjwa wangu ni ule wa Graves, kinga ya mwili inaichokoza tezi itoe homoni bila breki. Ninao tangu kabla ya mimba. Nilipobeba mimba ukatulia, nikapunguziwa dawa, nikajiona nimepona. Daktari akanionya mapema: mimba huituliza kinga, ukishajifungua inaamka, kwa hiyo endelea na dozi ndogo na uje upime wiki sita baada ya kujifungua. Nikaitikia "sawa dokta". Wiki sita zenyewe si ndiyo arobaini? Nyumba imejaa wageni, mama mkwe ananikanda kwa maji ya moto, uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Nani alikuwa na muda wa kwenda kutolewa damu?

Vidonge vikaniishia. Nikaenda duka la dawa na mtoto begani. Kijana wa kaunta kalitazama boksi, kamtazama mtoto, kanitazama mimi. "Mama, unanyonyesha na unameza hii? Inapita kwenye maziwa. Unataka mtoto adumae akili? Chagua moja, dawa au ziwa."

Sasa hapa naomba mnivumilie, maana huyu kijana namdai mpaka leo. Kupita, inapita. Hapo hakudanganya. Kinachopita ni kidogo, na dozi isiyozidi miligramu 20 za kabimazole kwa siku inakubalika kwa mama anayenyonyesha. Unameza mara tu ukishamaliza kumnyonyesha, mtoto anafuatiliwa ukuaji wake kliniki, basi. Mimi nilikuwa nameza 10. Nusu ya kikomo! Ugonjwa huu daktari Robert Graves wa Ireland aliuandika mwaka 1835, umesomwa na kusomwa tena, halafu mtu ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kuhesabu vidonge na kunirudishia chenji anauhukumu kwa kulitazama boksi. Tena kwa sauti, wateja wote wasikie mama mbaya ni yupi. Angesema "mpigie daktari wako", maneno matatu tu, ningemuombea dua kila Ijumaa.

Nikatoka pale bila dawa. Na msinicheke, nina stashahada yangu ukutani. Mama aliyejifungua juzi ukimwambia "utamdhuru mtoto", stashahada inalala.

Nyumbani nikapata wa kuniunga mkono. Jirani akasema, "Hata mimi nilipomzaa wa pili moyo ulinienda mbio hivyohivyo, yakaisha yenyewe." Na ni kweli, yaliisha. Ila yeye hakuwa na ugonjwa wangu. Kuna wanawake ambao baada ya kujifungua tezi inavimba kwa ndani na kuvujisha homoni ilizokuwa imezihifadhi. Miezi michache ya mwanzo wanatetemeka na kukonda, kisha wengi wao tezi inazubaa, wanasikia baridi na uchovu, halafu kwa wengi mambo yanarudi sawa ndani ya mwaka. Hao kabimazole haiwasaidii kitu, maana tezi yao haitengenezi za ziada, inavuja tu. Dalili za mwanzo ni zilezile, na TSH, homoni ya kutoka kichwani inayoiamrisha tezi, inashuka vilevile. Kinachowatenganisha mara nyingi ni kipimo cha kingamwili kiitwacho TRAb, na wala si ushuhuda wa jirani kwenye ua. Kwa hiyo kila anayekwambia hapa "mimi niliacha na nikapona", muulize kwanza alikuwa na ipi kati ya hizo mbili. Hatajua.

Halafu ukaja mwani. Wifi yangu analetewa na mama mmoja unga wa mwani kwenye pakiti ya nailoni, hauna lebo, hauna tarehe. "Unatoa rovu, huu." Mwani ninaujua, pwani yetu yote hii kuanzia Mkinga watu wanaulima, hauna kosa lake. Kosa ni kwamba mwani una madini joto, na tezi hutumia hayohayo madini joto kutengenezea homoni. Bibi zetu wa bara waliovimba shingo kwa kukosa madini joto, hao yangewafaa. Mimi tezi yangu tayari inazalisha kupita kiasi, na ninaiongezea malighafi, kijiko kila asubuhi kwenye uji! Hakuna mahali pa kuficha uso hapo, acheni tu nicheke mwenyewe kabla yenu.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na ndilo linalowaponza wengi: ukiacha kabimazole huumwi siku hiyo. Wala wiki hiyo. Dawa inazuia homoni mpya kutengenezwa, haifuti zilizokwisha kutengenezwa, na kwa sababu hiyo inachukua muda kuanza kufanya kazi na madhara ya kuiacha nayo huchukua muda kuonekana. Ni kama tenki la juu: fundi hata akifungua au akifunga bomba, wewe jikoni unaona tofauti baadaye. Basi nikakaa vizuri kabisa. Ninanyonyesha, mtoto ananenepa, nimeng'ara. Nikaanza na kuwashauri wenzangu! Kuna mama mmoja pale kliniki nilimwambia "hizo dawa ni biashara ya watu". Naomba kwa Mungu alinipuuza.

Ilipoanza, ilianza na kijiko. Nakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe chenyewe, kring kring kring, mama mkwe anauliza "unaita nani?" Tukacheka. Kisha jasho, kanga inalowa usiku feni ikiwa inazunguka. Nilikuwa nakula sahani mbili za wali na nakonda, mashoga wananisifia mwili umerudi upesi. Choo mara kwa mara. Usingizi hakuna, lakini mwenye kichanga nani ana usingizi? Kila dalili ilikuwa na jina lake tayari: uzazi, joto la Tanga, uchovu, jicho la watu. Kilichonitisha ni mtoto. Nikimlaza kifuani, kichwa chake kinaruka. Kidogo kidogo, kwa mapigo ya moyo wangu. Nilikaa nakitazama kile kichwa chenye nywele laini kinavyodunda na bado nikajiambia kesho nitapumzika.

Kesho yake titi likaanza kuuma. Likawa jekundu, likawa gumu, homa ikapanda. Maambukizi ya titi humpata mama yeyote, unapewa dawa unapona. Kwa mwenye tezi iliyokwisha kuchachamaa, maambukizi yanaweza kulipua kila kitu. Nilikuwa soko la Mgandini, nimeshika fungu la nyanya, nikashindwa kukumbuka nimefuata nini. Baadaye nikaambiwa nilikuwa naongea maneno yasiyoungana na nikamtapikia bodaboda wa watu. Wodini mapigo ya moyo yalikuwa zaidi ya 150 nimelala chali. Daktari wa zamu aliuliza swali moja tu lililonibaki: "Nani kakuachisha dawa?"

Nikalazwa. Oksijeni, dripu, dawa za tezi kwa dozi kubwa, propranolol ya kutuliza moyo, antibayotiki. Mtoto haruhusiwi kulala wodi ile. Wifi alimbeba nyumbani akawa anamlisha maziwa ya kopo kwa kikombe na kijiko, maana chupa alikuwa anaitema na kugeuza uso akinitafuta. Mimi huku nikiwa hoi sikuweza kukamua. Titi lisilonyonywa wala kukamuliwa halikusubiri, ndivyo lilivyoumbwa. Niliporudi nyumbani nikamweka kifuani, akavuta, akavuta, akalia. Hakukuwa na kitu. Tulijaribu mchuzi wa pweza, tukajaribu kila alichosema kila mtu, yakarudi matone. Pesa ya maziwa ya kopo mwaka ule ningeezekea chumba.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na kila ukiniuliza lolote kuhusu tezi nitakujibu hiyohiyo: dawa ya tezi haiachwi, haipunguzwi wala haiongezwi mpaka karatasi ya maabara iseme na aliyekuandikia akubali. Siyo mama mkwe, siyo kaunta, siyo mimi. Unapima TSH na FT4 (homoni ya tezi yenyewe), zote mbili, kwa sababu TSH inaweza kubaki chini kwa wiki nyingi hata homoni zikishakaa sawa, na ukiiangalia peke yake utadhani dawa haifanyi kazi. Dozi ikibadilishwa unarudi kupima baada ya kama wiki nne hadi sita. Ukiwa na wasiwasi na maziwa, sema hivyo kwa daktari waziwazi: "ninanyonyesha, na nataka kuendelea." Atakupangia dozi ya kukuwezesha. Na mtu akikutajia ile tiba ya kunywa madini joto ya mionzi, mwambie unanyonyesha kabla hajamaliza sentensi. Hiyo kweli haiendi pamoja na ziwa.

Kuna mlango mmoja tu kwenye sheria yangu. Ukiwa kwenye kabimazole ukapata homa na koo kuuma au vidonda mdomoni, hasa miezi ya mwanzo, simamisha dawa na siku hiyohiyo, si kesho, nenda ukapimwe wingi wa chembe nyeupe za damu. Dawa hii kwa watu wachache inaziangusha, na ikitokea ni hatari ya kweli. Usinunue vidonge vya koo ukalala. Nenda, waambie "natumia kabimazole", wataelewa haraka yako.

Chakula, kula tu. Samaki, mihogo, mchicha, chumvi ya kawaida ya dukani, hakuna aliyekufa. Unga wa mwani mwagia kuku. Aliyekwambia upime kwanza kama unakufaa kwa kijiko kimoja, mwambie aje nimwonyeshe karatasi zangu za kutoka hospitali.

Na wewe uliyeandika hapo juu kwamba dawa za hospitali zinaharibu ini la mtoto mchanga: nimekuuliza chanzo chako tangu asubuhi, umejibu kwa kikatuni cha kucheka. Nasubiri.

Mleta mada, mbona hukuandika unameza miligramu ngapi na mara ya mwisho ulipima lini? Na ulishaacha, au bado unafikiria kuacha? Nijibu hilo kwanza.