Baiskeli ya gia, njia ya mguu na shamba la mtu

Mvua zimekatika, vumbi limerudi, na waendesha baiskeli wa porini wameanza tena kuniuliza maswali. Safari hii wengi hawaulizi bei ya gia wala mahali pa kupata tairi la mtumba. Wanauliza wapi wanaruhusiwa kupita. Nimechagua saba, na la nane ni la mkulima.

Kila Jumamosi tunatoka Ntyuka kwa njia ya mguu inayokata mashamba. Watu wameipita tangu tukiwa wadogo. Mwaka huu mwenye shamba mmoja ameiziba kwa miiba. Ana haki hiyo? (Msomaji, Ntyuka, Dodoma)

Inaweza kuwa anayo. Kwanza mjue mmesimama kwenye ardhi ya namna gani. Nchini kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Alichonacho mwenye shamba ni haki ya kuimiliki na kuitumia. Wapo wanaosikia neno "umma" wakadhani kila mahali ni kwao. Hapana. Haki ile inalindwa kama mali nyingine yoyote. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimegawa ardhi mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Kijijini msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji, na njia ya kisimani au ya malishoni ikiwa imeingizwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, mna hoja nzito ya kumpelekea mwenyekiti.

Pembezoni mwa jiji mambo ni mengine. Dodoma ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na upimaji wa viwanja umeyameza mashamba mengi ya zamani. Bikoni, yale mawe ya mipaka, zikishasimama, kinachotazamwa ni mchoro wa mipango miji. Barabara iliyochorwa ni barabara hata kama haijachongwa na mbuzi wanalala juu yake. Njia ya mguu ambayo haikuchorwa inaishia kwenye ukuta wa mtu, hata kama bibi zenu waliipita na mitungi. Kwa hiyo nendeni ofisi ya mtaa mkaulizie mchoro kabla ya kugombana na mtu.

Lakini kabla hata ya mchoro, tazameni kalenda. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa kwanza, niliteremka njia moja upande wa Mvumi ambayo nilikuwa nimeizoea tangu kiangazi. Nilinogewa na mteremko, sikuona kwamba ule mstari mweupe niliokuwa naufuata umekwisha hatua kama kumi nyuma. Tairi la mbele lilipoanza kuzama ndipo nikatazama chini: karanga, vile vijani vyake vinne vinne, zimepandwa kwa kamba, na nyuma yangu miche imelala mstari mzima. Mzee alikuwa amesimama, jembe begani. Nikamwamkia. Hakuitikia. Aliinama, akainua mche mmoja, akaushindilia udongo kwa kidole gumba, kisha ndipo akasema, "Marahaba. Hiyo ni njia ya kiangazi, mjukuu wangu. Sasa hivi imelala."

Sijapata maelezo bora zaidi ya haya katika ofisi yoyote. Njia nyingi za Ugogo zina msimu. Mavuno yakishatoka shambani hubaki mabua, ng'ombe huingia, na mtu hupita atakapo. Mvua za Desemba zikianza, mwenye shamba hulima mpaka juu ya njia na wapitaji huzunguka pembeni, bila tangazo lolote. Huenda huyo jirani yenu alifunga alizeti yake tu na miiba hajaiondoa bado. Mwulizeni. Akiwaambia msipite, geuzeni. Kanuni ya Adhabu ikizungumzia kuingia kwa jinai katika eneo la mtu inatazama nia: nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Mkisimama katikati ya shamba lake mkimjibu kwa jeuri, mtakuwa mnamtafutia ushahidi wenyewe.

Tupo kumi na wawili, tunataka kuzunguka vijiji vya upande wa Bahi kwa siku moja. Tunahitaji kibali? (Msomaji, Chang'ombe)

Kupita barabara ya kijiji hakuhitaji kibali. Watu kumi na wawili waliovaa miwani na helmeti wakikata katikati ya malisho, hao wanahitaji kutambulishwa. Mpigieni mtendaji wa kijiji siku mbili tatu kabla, mwambieni mnaingilia wapi na mnatokea wapi. Mkifika, mmoja wenu aende ofisini. Mkikuta wazee wamekaa chini ya mbuyu, shukeni kwenye baiskeli. Salamu ya juu ya tandiko si salamu. Kwa Kigogo ni "mbukwenyi" kwa wengi, "mbukwa" kwa mmoja, na shikamoo haijawahi kumharibia mtu safari.

Jambo moja ambalo vijana wa mjini hawalifikirii: simu ile mliyoifunga kwenye usukani ikionyesha ramani. Vijiji vinavyozunguka Dodoma vimeona watu wengi wakija na ramani, na baadaye bikoni zikafuata. Mtu anayesimama kila mara, akitazama simu, kisha akitazama shamba, kisha akipiga picha, anafanana sana na dalali au mpimaji. Nimewahi kusindikizwa na vijana watatu wa pikipiki kilomita nzima kwa sababu hiyo hiyo, na sikuwalaumu. Sasa nikitaka kutazama ramani naisogelea nyumba ya kwanza niionayo, napiga hodi, nauliza njia hata kama naijua.

Nimetobolewa tairi mara nne kutoka Msalato kwenda Hombolo. Nifanyeje na hii miiba? (Msomaji, Msalato)

Pole. Mara nne ni wastani wa heshima.

Adui zako ni wawili na hawafanani. Miiba ya migunga ni mirefu, unaiona, na mara nyingi unaipanda kwa sababu mtu ameburuta matawi ya kuzibia zizi au shamba. Hapo shuka, beba baiskeli. Mwingine ni mbigili, kale kamtambaazi kenye maua ya njano. Mbegu yake imeumbwa na pembe, na vyovyote itakavyoanguka kuna pembe moja inayotazama juu. Inapenda kingo za njia na viwanja vilivyolishwa na mbuzi. Ndiyo maana anayekupisha kwa adabu, akaenda pembeni, ndiye anayepata pancha. Katikati, pale palipokanyagwa na kwato na miguu mpaka pakang'aa, ni salama zaidi.

Ukishatoboka usiharakishe kuweka tyubu mpya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi zima, polepole, mzunguko mmoja kwenda na mmoja kurudi. Kitanasa kwenye ncha ambayo macho hayaioni. Watu wengi wanaohesabu pancha nne walipata mbili tu. Mbili nyingine ni mwiba uleule uliobaki ndani. Koleo dogo litakusaidia kuung'oa, maana kucha zitakatika.

Dawa ya maji ya kuziba matundu inafanya kazi vizuri kwa mbigili, hasa kwenye tairi zisizo na tyubu, ila kwa joto letu la Oktoba na Novemba inakauka upesi kuliko maandishi ya kwenye chupa yanavyodai. Litingishe gurudumu sikioni. Usiposikia maji, ongeza. Na upepo usiupunguze mno kwa kutafuta ulaini. Tairi legevu likigonga jiwe, tyubu inabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili kwa mpigo. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu. Solusheni iliyofunguliwa mwaka jana ni jiwe tayari.

Nasikia Ulaya unaendesha baiskeli popote, hakuna wa kukuuliza. Kwa nini na sisi tusiwe na sheria hiyo? (Mwanafunzi, UDOM)

Uliyemsikia hakukueleza yote, mdogo wangu. Scotland ndiyo iliyo karibu na unachosema: sheria yao ya ardhi ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kupita karibu kila mahali, kwa mguu, kwa farasi au kwa baiskeli, alimradi apite kwa uangalifu. Ukivuka mpaka ukaingia England mambo yanabadilika. Kule kuna njia za watembea kwa miguu, na kuna njia za farasi. Sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu waendesha baiskeli kwenye njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha watembea kwa miguu na wapanda farasi. Kwenye njia za miguu huna haki ya kuendesha bila ruhusa ya mwenye ardhi. Ile sheria yao ya mwaka 2000 iliyofungua nyika na milima, imefungua kwa watembea kwa miguu; baiskeli haikuongezewa kitu.

Kwetu Sheria ya Ardhi inazo taratibu za haki ya kupita kwenye ardhi ya mtu mwingine na njia za umma, lakini ni taratibu za kuomba, kutangaza na kuamua. Si ruhusa ya jumla. Binafsi sililii sheria ya Scotland. Kule mchungaji wa kondoo anapishana na mtu wa baiskeli siku ya mapumziko. Hapa unapishana na mama aliyebeba ndoo, kichwani lita ishirini, kwenye njia isiyozidi upana wa mkeka. Kumpisha huyo hakuhitaji Bunge likae.

Barabara ya vumbi inayokwenda sambamba na reli ya SGR ni nyoofu na tupu. Tunaweza kuitumia? (Msomaji, Ihumwa)

Ndani ya uzio, hapana kabisa. Treni za umeme zimekuwa zikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu Julai 2024, zinakuja kasi, na huzisikii mpaka zimekaribia. Vukeni kwenye madaraja na vivuko vya chini vilivyojengwa. Nje ya uzio ulizeni kwanza, maana vipande vingi bado ni eneo la reli hata kama hakuna anayewafukuza.

Tukikutana na kundi la ng'ombe kwenye njia nyembamba nani ampishe mwenzake? (Msomaji, Chamwino)

Wewe. Shuka, simama upande mmoja, mkae wote upande huo huo, mwache mchungaji apitishe. Usipige kengele. Ng'ombe wakigawanyika, mtoto wa miaka kumi ndiye atakayewatafuta mpaka jioni. Mbwa nao wakikufuata, usikimbizane nao: shuka, weka baiskeli katikati yenu, mwite mwenye mji.

Tunapanga kwenda Kolo kuona michoro ya miambani, tukipitia makorongo ya Kondoa. Tuna la kujua? (Msomaji, Area D)

Michoro ya Kondoa iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006 na huwezi kupanda tu mwambani kwa sababu umeiona njia. Unaripoti ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unalipa, unapewa mwongoza wageni. Baiskeli mziache chini. Jasho na viganja vina madhara kwenye rangi zile, msiguse. Mkipanga pia kukatiza pori la akiba la Swagaswaga, hilo ni hifadhi yenye utaratibu wake wa vibali, si njia ya mkato.

Kuhusu makorongo, nawaomba. Najua yanavutia: kuta nyekundu, sakafu ya mchanga, kona kama zimechongwa kwa ajili ya tairi. Lakini ile ni ardhi iliyoumwa. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa ili nyasi zirudi. Watu walihamisha ng'ombe wao, uchumi wao wote, ili miteremko ile ishike. Breki ya nyuma ikifungwa kwenye mteremko huacha mfereji mwembamba kama kidole, na mvua ya kwanza ya Desemba huufuata huo huo. Pandeni na kushuka kwenye njia zilizokwisha kanyagwa, na udongo ukiwa umelowa msiende.

Mimi siendeshi baiskeli. Ni mkulima wa zabibu Hombolo. Vijana wanapita katikati ya mistari, wamenikatia mipira ya matone ya kumwagilia mara mbili. Nimefikiria kuvuta waya kwenye njia. (Mkulima)

Hili nililiacha mwisho makusudi, na nakuomba, mzee wangu, hiyo waya uiache. Mtu anayeteremka kwa kasi haoni waya. Inamfikia shingoni au kifuani. Ukimuua au kumvunja, ile mipira ya matone haitasemwa tena mahakamani, utasemwa wewe. Ziba kwa matawi ya miiba yanayoonekana toka mbali, juu ya kimo cha magoti, na utundike kibao: "Shamba. Zunguka kushoto." Maneno ya kuonyesha pa kupita hufanya kazi kuliko ya kufukuza, kwa sababu wengi hupotea tu. Kama unapulizia dawa ya ukungu, andika na hilo pamoja na tarehe. Hakuna kijana atakayetaka kupita hapo. Mipira iliyokatwa piga picha, tunza risiti, na ukiwajua vijana wapeleke kwa mwenyekiti wakulipe.

Na vijana wa Hombolo mnaosoma hapa: mpira wa matone ukifunikwa na majani unafanana na mzizi mkavu, mnaupanda bila kujua. Shamba lenye nguzo na nyaya msiingie hata kama halina uzio. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkipita wakati wa mavuno mtaikuta meza ya ubao getini na mizani imening'inia. Shukeni hapo, nunueni kilo mbili, mwulizeni mwenyewe njia ya kwenda bwawani ni ipi.