Sapu ya semantiki na mahamri ya mama

Jumatano usiku kijana mmoja wa Likoni aliniandikia: "Mwalimu, semantiki imenikamata. Nina sapu. Wewe ulipitaje?" (Semantiki ni somo la maana katika lugha, na sapu ni mtihani wa kurudia ukianguka.) Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba mimi sikupita. Mara ya kwanza nilipata 31.

Wengi mnaonisoma hapa mwasomea ualimu wa Kiingereza, au ndiko mnakoelekea, kwa hivyo sina haja ya kueleza ni kitu gani humfanya mtu akae miaka akichunguza vile maneno na sentensi za lugha ya watu zinavyobeba maana. Mwakijua. Na mwajua pia vile yuniti hii inavyoogopwa.

Mimi niliingia nayo kwa kuhifadhi. Nilikuwa na daftari zima la fasili, nimezishika kama mtoto wa madrasa anavyoshika Juzuu Amma, naweza kuzisoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Swali la mtihani likaja na sentensi moja tu: "Some of you passed, in fact all of you passed." Je, inajipinga? Nikaandika ukurasa mzima na nusu kwamba inajipinga, kwa sababu "some" maana yake si wote. Nilijaza kwa raha. Sifuri kwa kumi.

Na kabla matokeo hayajatoka, mhadhiri alisimama mbele yetu akasema, "Some of you did very well." Nikatabasamu. Mtu aliyeandika ukurasa mzima na nusu kwamba "some" huacha wengine nje, hata hakujiuliza hao wa nje ni nani.

Chuoni kwetu alama ya sapu haizidi 40, hata ukiandika kama malaika. Mpaka leo cheti changu kimeandikwa 40 mbele ya somo ninalolijua kuliko yote, na kila ninapokitoa bahashani jicho huenda hapohapo. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Likizo ile nilikuwa nikimsaidia mama Majengo, anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Noti za fotokopi nimezilaza kando ya sufuria. Akaja mteja wa kila siku, akayatazama mahamri, akasema:

"Mahamri ya leo mbona madogo?"

Mama, bila kuinua uso: "Unga nao umepanda."

"Haya, nifungie manne."

Akalipa bei ileile, akaenda zake. Nami nimeshika upawa, nimeganda. Maana ukizichukua kauli zile kama zilivyo, hazijibizani. Mmoja ameuliza ukubwa wa mahamri, mwingine ametoa habari za unga. Hakuna aliyetaja bei. Lakini yule bwana ameomba apunguziwe, mama amekataa, na wameelewana kuliko mimi na daftari langu.

Ndipo nilipomfahamu Paul Grice. Mwanafalsafa huyu Mwingereza alitoa mihadhara Harvard mwaka 1967, na sehemu iliyompa jina ikachapishwa 1975. Hoja yake ni kwamba wanaozungumza huchukuliana kuwa wanasaidiana: kila mmoja atasema kiasi kinachotosha, atasema kweli, atasema linalohusu, na atasema kwa njia inayoeleweka. Kauli ikionekana haihusu, msikilizaji haiachi. Huitafutia maana itakayoifanya ihusu. Unga umepanda, basi bei haishuki. Hiyo ndiyo implikecha, maana ya kudokezwa.

Nilimweleza mama kwamba kuna profesa alikwenda Marekani kufundisha jambo hilihili alilolifanya yeye sasa hivi. Akaniuliza, "Na alipawa pesa?"

Sasa rudi kwenye "some". Mtu akisema baadhi mmepita, mimi nadhania si wote, kwa kuwa kama ni wote angesema wote. Hilo ni dokezo, halimo ndani ya neno, na dokezo hufutika: "Baadhi yenu mmepita, tena nyote." Hakuna aliyejikwaa hapo. Lakini jaribu, "Juma amemuua mbuzi, tena mbuzi yu hai." Hapo umevunja kitu. Kifo kimo ndani ya kuua, hakifutiki. Tofauti hiyo ndiyo iliyonikosesha kumi zangu, na ningeipata bure pale penye sufuria.

Kwa hivyo, mdogo wangu wa Likoni, ushauri wangu wa kwanza: kikanushe kila kitu. "Ali ameacha kuvuta sigara." Kanusha: "Ali hajaacha kuvuta sigara." Kwa vyovyote vile, Ali alikuwa akivuta. Kinachobaki baada ya kukanusha ndicho wanachokiita presapozisheni, yale sentensi iliyoyachukua kuwa yapo kabla haijafungua kinywa. Ukishalijua hilo, hutatishwa na yule mfalme wa Ufaransa mwenye upara. Mwanafalsafa Bertrand Russell alimleta mwaka 1905 kwa sentensi "Mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara", Ufaransa ikiwa jamhuri isiyo na mfalme, akashikilia kwamba sentensi hiyo ni ya uongo. Mwanafalsafa mwenzake, Strawson, akamjibu mwaka 1950 kwamba si ya kweli wala ya uongo, maana anayezungumziwa hayupo. Mimi niko na Strawson, ingawa mtihani hautakuuliza uko na nani.

Ushauri wa pili: ipitishe sentensi katika Kiswahili. "You must be a teacher." Kwetu zitatoka mbili, "Bila shaka wewe ni mwalimu" na "Lazima uwe mwalimu." Basi ujue ile moja ya Kiingereza ilikuwa na mbili tumboni. "Bank" vilevile, tuna benki na tuna ukingo wa mto. (Na sisi tunazo zetu. Vitabu vya shule huandika paa la nyumba na paa wa mwituni sawasawa, lakini msikilize mtu wa Mvita: "p" ya yule wa mwituni hutoka na pumzi.)

Wa tatu ni huohuo wa kwanza. Kanusha tena.

Kisha acheni kuionea haya lugha ya nyumbani. Nawaona, mwaingia darasani mmeifungia mlangoni pamoja na viatu, mwataka kuelewa maana kwa lugha ambayo hata kugombana hamjawahi kugombana nayo. Mtu anapanda feri, anasikia dokezo kumi kabla hajashuka ng'ambo, anafika chuoni anasema hana mifano! Mifano mwailala, mwaila, mwaitukanwa. Aliyekaa kibarazani na bibi yake akaambiwa "mlango huo uko wazi" na akainuka kwenda kuufunga, huyo amekwisha soma nusu ya yuniti. Mkaidi ndiye husubiri aambiwe na kitabu.

Hukuniambia sapu ni tarehe ngapi. Noti zangu bado ninazo, kaka yangu huvuka kuja Likoni kila Ijumaa. Ukurasa wa presapozisheni umelowa mbaazi, lakini wasomeka.